Nguzo Sita Hazikuanguka

Linta haikulia kama radi. Anayewaambia ililia kama radi hakuwepo. Ililia kama mtu anayevunja bua kavu la mahindi kwenye goti, ko, mara moja, halafu kimya, halafu vumbi. Nilikuwa chini na karai la udongo kichwani. Mzee Gaudensi alikuwa juu ya jukwaa, anapanga matofali ya gebo, ile pembetatu inayokaa juu ya nguzo kama kofia. Alikuwa ananitania. "We Skola, udongo wako leo umepitia wapi, umekwenda kuungama kwanza?" Hilo ndilo neno lake la mwisho hapa duniani. Nilikuwa nacheka. Jibu langu bado liko mdomoni mpaka leo.

Nilipofumbua macho nilikuwa chali, mguu wa kushoto umeelekea kusikoelekea mguu wa mtu. Hiyo linta, boriti la zege lililolala juu ya nguzo mbili za katikati, lilikuwa limekatika kiunoni na kushuka na gebo lote, na Mzee, na jukwaa. Nikatazama juu. Mbingu ya kiangazi, nyeupe, haina hata wingu la kufutia jasho. Na nguzo, wanangu. Nguzo zote sita zilikuwa zimesimama.

Shikeni hilo la nguzo, tutalirudia.

Nawaandikia nyie vijana wa uashi mnaopita hapa kwangu Katandala asubuhi na pima maji zenu mpya. Mnanikuta kibarazani nachambua maharage, mnasema shikamoo mama, mnapita. Marahaba. Lakini juzi mmoja wenu, yule mwenye kofia ya nyuma mbele, alisimama akawaambia wenzake, "Huyu mama ndiye alipigwa na radi ile ya ghala." Nikamwita. Nikamwuliza, nani kakuambia radi? Akasema, "Si ndivyo inavyojulikana, mama." Basi kwa sababu ndivyo inavyojulikana, nimechukua kalamu. Darasa langu ni la nne, na la nne lenyewe nililimaliza kwa kuhurumiwa. Mtasoma hivyo hivyo.

Siku hizi mnauza nguzo barabarani. Mnamwaga zege kwenye kalibu ya plastiki, kesho yake mnaibandua, mnaipaka rangi ya dhahabu, mnasema, "Karibu mteja, nguzo za Kirumi." Siwacheki. Nawacheka kidogo. Nguzo ya Kirumi mimi nimeijenga tofali kwa tofali, na aliyenifundisha alikuwa Mfipa aliyezaliwa nyuma ya mlima kule, hakuwahi kupanda ndege hata ya karatasi.

Nilianza kama saidia fundi. Mwanamke kwenye ujenzi wakati ule alikuwa ndoo ya maji inayotembea. Unateka, unamwaga, unateka. Mafundi hawakuuliza hata jina lako, walipiga mluzi tu. Mzee Gaudensi ndiye wa kwanza kuniuliza. Nikamwambia Skolastika. Akasema, "Jina refu hivyo litachoka kabla ya saa nne. Utakuwa Skola." Alikuwa mfupi, mikono mirefu, na alikuwa na tabia ya kubisha hodi kwenye matofali. Kweli. Analichukua tofali, analigonga na kifundo cha kidole, anaweka sikio. Likilia kama kengele ndogo, analipanga. Likilia kama boga, analirudisha tanurini na kuliambia, "Mwanangu, hujaiva, nenda kwa mama yako." Nyie mnaosukuma matofali kwenye toroli bila kuyasalimu, jaribuni siku moja. Tofali halidanganyi.

Ufundi wake aliutoa pande mbili. Upande mmoja ni babu yake, aliyekuwa mfua chuma. Mmewahi kuziona zile tanuru za udongo zilizosimama porini, ndefu kuliko nyumba, duara, pana chini na nyembamba juu? Hizo ndizo malungu, moja ni ilungu. Wazee wetu walizijenga kwa udongo na mikono, bila timazi, na mvua zote zimezipita na baadhi bado zimesimama. Babu yake alijenga hizo. Upande wa pili ni Bruda mmoja mzungu wa misheni, fundi, marehemu siku nyingi. Bruda alikuwa na kitabu cha mahekalu ya Warumi wa kale, wale wa kabla ya Ukristo kuwafikia. Mzee akiwa kijana akatazama picha ya nguzo, akamwambia Bruda, "Hii si ilungu iliyonyooshwa?" Akampeleka porini akamwonyesha. Walikaa huko mpaka jua limezama, alisema, mzungu anapapasa ilungu kama anayepapasa ng'ombe wa kununua. Tangu hapo Bruda akamfungulia kile kitabu ukurasa kwa ukurasa.

Na siri ya kitabu ilikuwa kijiti.

Sikilizeni, maana hapa ndipo kesi yote ilipo. Warumi wale hawakuanza na futi wala mita. Walianza na unene wa nguzo pale chini, kwenye mguu wake. Unakata kijiti kirefu sawa na unene huo, basi. Hicho ndicho mama wa jengo zima. Nguzo inakwenda juu vijiti tisa na nusu. Kati ya nguzo na nguzo unaacha vijiti viwili na robo. Katikati, mbele ya mlango, unaruhusiwa kuachia vijiti vitatu, ili watu wapite vizuri. Zaidi ya hapo, hapana. "Ukizidisha," Mzee alisema, "boriti la juu linakuwa kama mtu aliyelala kwenye viti viwili vilivyoachana. Mwanzo analala. Halafu anaota. Halafu anaanguka." Ukizisogeza sana karibu nako ni kosa, wanawake wawili hawawezi kupita wameshikana mikono. Kumbe hata Warumi walikuwa na akina mama wanaokwenda kusali wameshikana mikono. Nilipenda hilo.

Nguzo haiendi juu imenyooka kama bomba. Inapungua kidogo kidogo, na katikati inakuwa na kitumbo. Kidogo sana. Usipoiweka, macho yanaiona imekondeana, kama imekula dagaa watupu. Mzee alichonga ubao wenye umbo hilo la kitumbo, akawa anaulaza ubavuni mwa nguzo kila baada ya kozi chache, yaani mistari ya matofali. Akiona tumbo limezidi anasema, "Huyu kashiba makande, mpunguze." Likipungua: "Huyu hajaolewa." Tulicheka sana kwenye kazi ile. Nataka mjue hivyo. Watu wanadhani mahali palipofia mtu palikuwa na huzuni tangu mwanzo.

Sasa niwataje waliotufikisha huko.

Ruksa ya biashara ilikuwa imeingia. Zamani mahindi yako unapeleka ushirika, unasubiri. Sasa yeyote mwenye lori ananunua mahindi Ufipa nzima, anaondoka nayo. Ndipo akatokea Aloisi Nkana wa Kizwite, aliyekuwa akiuza chumvi na viberiti, akawa tajiri wa mahindi kabla hatujamaliza kushangaa. Akataka ghala njiani kwenda Milanzi. Na si ghala la bati kama wenzake. Alikuwa ametoka safari na kalenda ya dukani yenye picha ya hekalu la Kirumi, nguzo sita mbele, ngazi, gebo juu. Akaja nayo imekunjwa kwapani.

"Mzee Gaudensi, shikamoo. Unaweza hii?"

Mzee akaitazama kalenda. Akanigeukia. "Skola, lete kijiti."

"Nauliza unaweza?"

"Nimekusikia, mwanangu. Nakujibu kwa kijiti."

Mzee alifurahi. Tangu Bruda afe alikuwa anajenga vyoo na madarasa, na kitabu kizima kimo kichwani kinazeeka naye. Akamwelezea Aloisi kila kitu. Kwamba Warumi waliinua hekalu juu ya jamvi refu, yaani sakafu iliyonyanyuliwa, ngazi mbele tu, nyuma na pembeni ukuta, na chini ya jamvi wengine waliweka hazina yao. Aloisi masikio yakasimama. "Kwa hiyo hata wao lilikuwa ghala?" Mzee akasema, kwa upande mmoja, ndiyo. Sakafu imeinuka, unyevu haufiki, panya anapanda kwa shida. Mbele heshima, nyuma mahindi. Aloisi akapiga kofi. "Mbele hekalu, nyuma magunia! Hapo hapo!"

Akamleta shemeji yake Nestori awe msimamizi. Nestori Mpasa, mwenye viatu vyeupe. Kazi yake ilikuwa kusimama kivulini na kuuliza mbona bado.

Mimi nilipewa matofali. Nguzo ya duara haijengwi kwa tofali la kawaida, linaacha pengo nje. Unahitaji tofali la kabari, pana nyuma na jembamba mbele, kama kipande cha keki ya harusi. Warumi walifanya hivyo hivyo, Bruda alimwonyesha. Mzee akachonga kalibu, nikafyatua. Siku za mwanzo yote yalipasuka kwenye tanuri, kwa sababu ile ncha nyembamba inakauka kabla ya mgongo mnene. Nililia. Mzee akakaa kwenye rundo la vipande akavitazama kama anayesoma gazeti. Akasema, "Babu alikuwa anafunika ilungu kwa majani mabichi, ikauke polepole kama mgonjwa." Tukafunika ncha kwa majani ya migomba yenye maji. Hayakupasuka tena. Mnaona? Dawa ya nguzo ya Kirumi ilitoka kwa mfua chuma wa Ufipa. Kama mna tofali lenye ncha, lifunikeni ncha. Hilo ni lenu, chukueni bure.

Ndani ya nguzo tulijaza vipande vya matofali na chokaa, tukashindilia, na kila kozi tulizungusha ili kiungo kisikae juu ya kiungo. Ukiviacha viungo vikapangana vimenyooka, umeichorea nguzo mahali pa kupasukia.

Na kwenye msingi wa kila nguzo Mzee aliweka kiganja cha ulezi na kipande cha mavi ya chuma, yale mabaki meusi ya malungu. Kisha akapiga ishara ya msalaba. Nilimwuliza, "Mzee, hii ni ya Bruda au ya babu?" Akasema, "Ya babu. Na Bruda alikuwa anageuka upande wa pili ili nimalize." Hakuficha. Aliweka mchana, mbele ya wote, na Nestori amesimama pale anajipepea kofia. Nalo mlishike.

Ngazi zilichongwa kwa mawe. Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa bondeni, ndiye aliyeyaburuta kwa mkokoteni. Ng'ombe zake zilikuwa na majina ya wakuu wa serikali, siwezi kuyaandika hapa. Mzee alitaka ngazi zisigawanyike kwa mbili. Tukajenga saba. Masanja akauliza, "Saba ya nini, Mzee, si nane ikae vizuri?" Mzee akampandisha. "Anza mguu wa kulia. Haya, hesabu." Masanja akapanda, akafika juu kwa mguu ule ule wa kulia. "Warumi hawakutaka mtu aingie mbele ya mungu wake kwa mguu wa kushoto," Mzee akasema. Masanja akashuka, akapanda tena, akashuka, akapanda. Akasema, "Hii nataka kwangu." Mzee: "Kwako hakuna ngazi, Masanja, kuna zizi." "Basi kwenye zizi!"

Wakati huo wa ngazi, nguzo zenyewe zilikuwa bado misingi tu, mambo, yaani vigingi, yamepigwa ardhini na kamba zimevutwa. Siku moja Aloisi akaja na lori jipya. Kubwa, la bluu, lina maua ya plastiki kwenye kioo. Akalisimamisha mbele, akatazama ngazi, akatazama lori. Tukajua.

"Mzee, lori linaingiaje?"

"Haliingii. Wanaingia watu na magunia."

"Wenzangu malori yao yanaingia mpaka ndani."

"Wenzako hawana hekalu."

Nestori akachukua kijiti cha Mzee bila kuomba akaenda kupima lori kwa mbele. Akarudi anacheka. "Vijiti vitatu na zaidi. Halipiti katikati. Tupanue tu, Mzee, nguzo ni zako, unaziogopa ya nini?"

Mzee akakichukua kijiti chake akakifuta kwenye suruali. Akawaeleza kama ninavyowaeleza nyie. Mtu aliyelala kwenye viti viwili. Aloisi akasikiliza, nakiri, alisikiliza. Akasema atafikiri. Jumapili iliyofuata, sisi tukiwa misani, Nestori alikuja na vibarua wake akang'oa mambo ya katikati na kuyasogeza huku na huku, akachimba misingi mipya na kuimwagia zege. Jumatatu tukakuta. Misingi ya nguzo mbili za katikati imekwenda kando, vijiti vitano kati yake, na nafasi za pembeni zimebanana kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati.

Mzee hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya tatu. Nilikaa ngazi ya chini yake. Akasema, "Skola, ukiona mwanao ameoa vibaya utamfukuza?" Nikasema sitamfukuza. "Utafanyaje?" Nikasema nitamsaidia. "Basi tumsaidie."

Akamwendea Aloisi na neno moja: tujenge tao. Upinde wa matofali juu ya pengo lile, maana tao linasukuma uzito pembeni kwenye nguzo, halina kiuno cha kukatika. Hata Warumi walipobanwa walificha tao. Aloisi akafunua kalenda. "Hapa umeona tao? Mimi nataka mstari mnyoofu. Tao ni la mlango wa kanisa." Mzee akaomba nondo nene basi, zege la haki, na muda. Nguzo zikapanda, na nondo alipewa. Zege alilisimamia mwenyewe, mimi nikimwagilia maji na kulifunika magunia. Muda ndio hakupewa, maana Aloisi alishaalika watu waje kuliona lori la kwanza likiingia na mahindi.

Mzee akakubali kuanza gebo mapema kwa sharti moja. Chini ya linta, katikati kabisa, kulikuwa na mrunda, gogo nene la mkaratusi lililobeba kiuno cha zege, limekazwa kwa kabari mbili za mbao kwenye mguu wake. Akawaita Aloisi na Nestori wote wawili akaweka mkono juu ya mrunda. Mimi nilikuwepo, Masanja alikuwepo na ng'ombe zake. Akasema, "Yote mmeniondolea. Huu msiuguse mpaka nitakapouondoa mimi kwa mkono wangu. Linta hii bado ni mtoto, huu ndio mgongo wake."

Aloisi akasema, "Sawa, Mzee."

Nestori akasema, "Sawa, sawa."

Halafu wakamwaga kifusi juu ya ngazi zetu saba, ikawa njia ya mteremko ya lori.

Siku ya wageni Mzee alikuwa juu tangu asubuhi anamalizia gebo. Lori likaja limebeba, linanguruma chini ya mteremko. Watu wamejaa, akina mama wanapiga vigelegele. Dereva akatoa kichwa. "Hapo katikati kuna gogo!" Aloisi alikuwa amesimama karibu na taa ya lori, suti ya kahawia. Akamtazama Nestori. Akafanya hivi kwa mkono, kama mtu anayefukuza kuku. Nestori akainama, akachukua nyundo ya Masanja iliyokuwa kwenye mkokoteni, akagonga kabari ya kwanza. Nikapiga kelele. "Nestori, Mzee yuko juu!" Kelele, vigelegele, injini. Mzee akadhani namwita, ndipo akanitania habari ya kuungama. Nami nikacheka, maana alikuwa na namna ya kukuchekesha hata ukiwa na hofu, na katikati ya kicheko hicho Nestori akagonga kabari ya pili. Mrunda ukalala.

Ko.

Habari zilizobaki mmeshasikia zikisimuliwa vibaya.

Nilikuwa hospitali, nyonga imefungwa, nikaanza kusikia kwa wageni wa vitanda vya jirani. Radi. Mchana kweupe, kiangazi, radi ya kutumwa. Nani kaituma? Mwanzo wakasema wafanyabiashara wenzake Aloisi. Baadaye hadithi ikageuka, ikawa mbaya zaidi: yule mzee mwenyewe alizika vitu chini ya nguzo, imemrudia. Ulezi na mavi ya chuma. Nani aliyejua habari ya ulezi isipokuwa sisi tuliokuwepo? Masanja alinitembelea amebeba maziwa, akakaa chini kwa hasira. "Skola, Nestori anatangaza sokoni. Mimi nikisema mrunda, wananiambia Msukuma unajua nini mambo ya Ufipa."

Mnajua wenzetu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga wanafanya nini. Wanacheka, wanauliza kama tumekuja kwa ungo. Tunakasirika. Lakini siku ile sisi wenyewe tuliuchukua uchawi wanaotusingizia tukaufunikia mrunda. Ulitufaa. Radi haipelekwi polisi. Radi haina shemeji.

Mazishi ya Mzee sikwenda, sikuwa na mguu wa kwendea. Mkewe, Mama Verena, aliniambia watu walisimama mbali na kaburi. Waliogopa. Mtu aliyebatiza nusu ya watoto wa mtaa ule kwa majina ya utani, jeneza lake lilibebwa na wanawe na Masanja. Mpaka leo wajukuu zake wakiposa au wakiposwa wanaulizwa, nyie si wa kwa yule wa radi? Mmoja, binti, alikataliwa na wakwe mwaka huu. Msichana alikuja kulia hapa kibarazani kwangu, ndipo nikajua kalamu haiwezi kungoja tena.

Mama Verena alinipa mrunda. Aliuchukua siku ile ile wakati watu wamekimbia, akauburuta mwenyewe mpaka nyumbani. Alipojua anaondoka duniani akamwita Masanja na mkokoteni, ukaletwa kwangu. Sasa unashika paa la jiko langu. Njoni muutazame, ni somo. Mrunda ulioshindwa na uzito hukatika, au hupasuka kwa urefu, au kichwa chake hubondeka kama ufagio. Huu ni mzima. Umenyooka. Mguuni tu ndipo una majeraha ya nyundo, upande mmoja, mahali kabari zilipokuwa. Radi ichome mti ambao haukuungua? Igonge chini iache juu? Wekeni mkono pale. Nyie ni mafundi, au mnajiita mafundi. Semeni wenyewe.

Baada ya nyonga nilifyatua matofali nimekaa, miaka mingi, mpaka mashine za tofali za saruji zilipotumaliza. Sikuacha kazi kwa kuichukia. Niliipenda, na naipenda. Nikipita mahali nikakuta tofali limetupwa naligonga kwanza. Watoto wangu wanaona aibu.

Ghala Aloisi alilihamishia pengine. Nguzo bado zipo njiani kwenda Milanzi, zote sita, na kitumbo chao kidogo, hazijapinda hata unene wa uzi. Mbuzi wanalala kwenye jamvi. Mvua imekiondoa kifusi, ngazi saba zimetokeza tena. Kama msingi ule una uchawi, basi uchawi wake ni kusimama. Nendeni na timazi, mkapime, mniletee majibu.

Aloisi Nkana bado yupo Kizwite, mzee sasa, anakaa kiti cha mbele kanisani. Nestori Mpasa ana duka la vifaa vya ujenzi, anawauzieni nyie nondo na kalibu za nguzo za plastiki. Hamkujua? Ndiye huyo, anayewapunguzia bei na kuwaita vijana wangu.

Aloisi, ule mkono ulioufanya kama unafukuza kuku, ulimaanisha nini? Nestori, uliposikia jina lako na jina la Mzee katika sauti yangu, ulisikia nini? Sitaki pole yenu. Sitaki mnijengee kitu. Nataka mje kwenye zile nguzo, Jumapili baada ya misa, wajukuu wa Gaudensi wakiwepo na huyu binti aliyekataliwa akiwa mbele. Masanja atanileta kwa mkokoteni, na mrunda tutauleta. Jiko langu na lianguke siku hiyo. Mpande ngazi. Mguu wa kulia kwanza, mtafika juu kwa wa kulia, Mzee alishawapimia. Mgeuke muwatazame watu.

Halafu mseme ni nani aliyeutoa mrunda.